Injini inavuja maji: kiraka cha kukufikisha gereji na ukarabati wa kweli

Injini ikianza kuvuja maji, wengi huuliza kwanza iziwe na nini: tepu, gundi, sabuni, au ile dawa ya kumimina kwenye rejeta? Kuna swali linalotangulia hilo. Maji hayo yanasukumwa na nguvu gani pale yanapotokea? Ukilijibu, utajua kiraka kipi kitashika mpaka ufike gereji, kipi kitabanduka baada ya kilomita tano, na kipi kitaharibu hata vile vilivyokuwa vizima.

Mfumo wa kupoza injini umetengenezwa ufanye kazi chini ya presha, kama sufuria ya presha ya jikoni. Kifuniko cha rejeta, au cha tangi la akiba kwenye magari mengi ya siku hizi, kina springi inayozuia mvuke usitoke mpaka presha ifike kiwango kilichopangwa, mara nyingi kati ya bar 0.9 na 1.4 (bar ni kipimo cha presha). Kazi ya presha hiyo ni kuchelewesha kuchemka. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, lakini yakibanwa kwa bar 1 zaidi hufika kama nyuzi 120 ndipo yachemke. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, huchemka karibu na nyuzi 107 bila presha, na hupita 125 ukibanwa. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 105. Ukiondoa presha, nafasi iliyobaki kabla ya kuchemka ni ndogo sana.

Kwa hiyo tundu linapotokea unapoteza vitu viwili kwa mpigo: maji na presha. Ndiyo maana gari linaweza kuchemsha ingawa maji mengi bado yamo ndani. Ndiyo maana pia kuna mivujo isiyoonekana kabisa injini ikiwa baridi: presha haipo, ufa umefunga, chini pakavu. Kinyume chake nacho kipo. Mpira wa kupitisha maji ulioshikwa na klipu iliyolegea huweza kudondosha matone asubuhi ya baridi kisha ukaacha injini ikipata moto, kwa kuwa chuma, plastiki na mpira havitanuki kwa kiasi kimoja.

Kabla ya kugusa chochote

Mshale wa joto usiutegemee peke yake. Sensa yake hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini ya sensa, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kutulia katikati au hata kushuka wakati silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, inaungua. Mshale uliopanda halafu ukaanguka ghafla, au hita iliyokuwa ikitoa joto ikaanza kupuliza ubaridi, ni dalili kwamba maji yamekwisha. Wapo wanaoona mshale umeshuka wakashukuru na kuendelea na safari, na hapo ndipo hedi hupinda. Zima injini papo hapo, pahali penye usalama.

Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo ndani yanaweza kuwa na nyuzi 115 na bado yako kimiminika kwa sababu yamebanwa. Ukiachia presha, sehemu yake hugeuka mvuke mara moja na kurusha yaliyobaki usoni na mikononi mwako. Subiri nusu saa au zaidi, kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta ukiwa umeshika kitambaa kinene. Ukiwa bado mgumu, presha ingalimo. Na usimimine maji baridi kwenye injini inayofuka: chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka, na ufa wa bloku (mwili mkuu wa injini) au hedi ni msiba mkubwa kuliko mvujo uliokusimamisha.

Halafu tafuta panapovuja. Usishughulike sana na panapodondokea, maana maji hutambaa juu ya bloku, hufuata mabano na mipira, hupeperushwa na feni, yakaja kuanguka mbali na yalikotoka. Kulanti ikikauka huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi, na ukoko huo hukuonyesha njia. Ufuate kwenda juu hadi unapoanzia. Kama umekuta maji safi yasiyo na rangi, yasiyo na utelezi wala harufu tamu, yakidondoka upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi, hayo ni unyevu wa hewa uliogandamana tu. Gari ni zima.

Viraka vya nje

Mimi huvigawa viraka vya muda katika makundi mawili: vinavyobandikwa nje ya mfumo na vinavyoingia ndani yake. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko ubora wa kiraka chenyewe. Kiraka cha nje kikishindwa, unakibandua na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Cha ndani hakibanduki.

Mpira uliopasuka ndio mvujo mwepesi kuliko yote. Kwanza angalia ufa uko wapi. Ukiwa karibu na ncha, ndani ya sentimita mbili tatu, na mpira una urefu wa ziada, fungua klipu, kata ile ncha mbovu kwa kisu kikali, safisha shingo ya bomba, rudisha mpira na ukaze. Hicho kinakaribia kuwa ukarabati kamili, mradi mpira uliobaki ni mzima. Uminye kwa vidole karibu na ncha na uulinganishe na katikati. Mipira mingi huoza kuanzia ndani, tena karibu na ncha, na hapo utasikia ulaini usio wa kawaida au mipasuko inayojifungua chini ya kidole.

Ufa ukiwa katikati, kinachofaa ni tepu ya silikoni, ile isiyo na gundi inayojishika yenyewe kwa yenyewe. Tepu ya kawaida ya vifurushi, hata ile pana ya kitambaa, hutegemea gundi, na gundi hulainika kwa joto na kukataa kushika palipolowa. Ya silikoni huvumilia joto la injini, lakini inataka adabu. Mpira uwe umepoa na kukauka kabisa, ufutwe mafuta yote. Anza kuizungusha sentimita chache kabla ya ufa na umalizie sentimita chache baada yake. Ivute mpaka ifike mara mbili ya urefu wake, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Ni ule mvuto unaoibana na kuifanya ishikamane. Anayeizungusha kwa ulegevu kama bandeji ya kidole atasimama tena njiani.

Rejeta ni habari nyingine, kwa sababu jibu linategemea imetengenezwa kwa nini. Rejeta za zamani za shaba zililehemiwa kwa risasi, na fundi anayejua kazi yake akizilehemu tena, huo ni ukarabati wa kudumu. Za sasa zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa pembeni juu ya mpira wa kuzibia. Plastiki hiyo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Miaka ya kupata moto na kupoa huifanya iwe kavu, na huanza kupasuka kwenye shingo au kwenye kona. Gundi ya epoksi inaweza kuishika kwa muda, ikiwa umekwaruza uso kwa msasa, ukausafisha na ukaiacha ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu. Isikudanganye lakini. Plastiki iliyopasuka mahali pamoja kwa uzee imechoka kote, na ufa utaendelea kutembea chini ya gundi.

Jiwe likitoboa mrija mmoja wa kiini, iko mbinu ya porini ambayo naiheshimu sana. Mapezi, yale mabati membamba yanayouzunguka, hukunjwa pembeni kwa koleo, mrija hukatwa pale pale penye tundu, na kila upande hukunjwa juu yake wenyewe mara mbili na kubanwa kwa nguvu, ikiwezekana na epoksi juu. Unapoteza mrija mmoja kati ya makumi, na rejeta inaendelea kupoza. Hakuna dawa iliyoingia ndani, hakuna kilichochafuka.

Mbinu nyingine ya nje haihitaji kifaa chochote: punguza presha. Injini ikiwa imepoa, kifuniko cha rejeta kinachozungushwa hurudishwa hadi kwenye hatua yake ya kwanza, au kile cha skrubu hulegezwa kidogo, ili mfumo usijibane. Mvujo uliokuwa ukirusha maji hubaki kudondosha tu, na kiraka dhaifu kinapata nafuu ya kushika. Gharama yake nimeshaieleza: maji sasa yatachemka mapema. Juu milimani ni mapema zaidi, kwa kuwa kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja. Basi endesha taratibu, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi ya juu ili iwe rejeta ya pili, usivute mzigo, simama mara kwa mara uangalie kiwango cha maji. Ni mbinu ya kukufikisha kwa fundi, usiizoee.

Kuongeza maji kila asubuhi nako ni kiraka, na kwa maoni yangu ndicho hatari kuliko vingine kwa sababu hakuna anayekihesabu. Kila lita ya maji ya bomba unayoongeza inapunguza kulanti iliyobaki, na pamoja nayo zile kemikali zinazozuia kutu. Maji magumu huleta chokaa inayojijenga kwenye mirija. Chuma cha bloku huanza kutoa kutu nyekundu, alumini huliwa vishimo vishimo, na yale mapezi ya pampu ya maji husagwa. Baada ya miezi, gari lililokuwa na mvujo mmoja lina mitatu. Maji matupu kwa dharura yanakubalika kabisa, bora uyakumbuke na uyatoe.

Dawa ya kumimina

Sasa tuje kwenye viraka vya ndani. Dawa za kuziba rejeta ziko za aina kuu mbili. Moja ina chembechembe, nyuzi au unga unaobebwa na maji hadi penye tundu, ukajazana hapo na kukwama. Nyingine ni kimiminika, mara nyingi silikati ya sodiamu, kinachogeuka kigumu mithili ya kioo kinapokutana na joto kali. Tiba za kienyeji za kuvunja yai au kumimina pilipili manga kwenye rejeta zinafuata kanuni ile ile: yai hugandishwa na joto, punje za pilipili hukwama kwenye tundu.

Zinafanya kazi? Kwenye tundu dogo la sindano, ndiyo, wakati mwingine kwa muda mrefu. Hata kampuni ya General Motors ilikuwa ikitia vidonge vya kuziba kwenye injini za Cadillac za Northstar tangu kiwandani. Kwa hiyo anayesema dawa hizi ni uongo mtupu anakosea. Kasoro yake ni kwamba dawa haina macho. Haijui tundu la mvujo ni lipi na njia nyembamba ya halali ni ipi. Mirija ya hita ni myembamba, mirija ya rejeta ni myembamba, kitundu cha kutolea hewa kwenye themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) ni chembamba, na vali ndogo ndani ya kifuniko hutegemea uso safi ili ifunge. Kote huko dawa hupita, na penye mkondo hafifu hutuama. Ndiyo maana malalamiko ya kawaida baada ya dawa ni hita isiyotoa joto tena, na baada ya muda gari kuchemsha likipanda mlima ingawa halivuji tone.

Nguvu ya silikati ya sodiamu ilionekana wazi Marekani mwaka 2009. Serikali ya huko ilikuwa ikilipa watu wasalimishe magari yenye kula mafuta mengi, na ilitaka injini zake zisirudi barabarani. Njia iliyotumika ni kutoa oili, kumimina myeyusho mzito wa silikati ya sodiamu mahali pake, na kuacha injini ikinguruma hadi igande. Ilichukua dakika chache tu. Sisemi kwamba chupa moja kwenye rejeta italeta hayo. Kiasi ni tofauti na mahali ni tofauti. Ila kumbuka kwamba gasketi (bamba jembamba la kuzibia kati ya hedi na bloku) iliyokatika huweza kuunganisha njia ya maji na njia ya oili, na watu huimimina dawa hii hasa wanaposhuku gasketi.

Ukiamua kuitumia, soma maelekezo hadi mwisho. Baadhi ya dawa za silikati hazipatani na kulanti, na zinahitaji mfumo ujazwe maji matupu kwanza. Ukipuuza hilo, mchanganyiko huweza kugeuka ute mzito kabla haujafika penye tundu. Na fundi atakayeshika gari baada yako mwambie uliimimina, ili aoshe mfumo wote kabla ya kufunga kifaa kipya.

Palipo haramu kuziba

Kuna mivujo miwili ambayo kiraka hakifai, si cha nje wala cha ndani.

Wa kwanza ni pampu ya maji. Chini ya pampu nyingi pana kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kiwandani, kati ya sili inayozuia maji na beringi inayoshikilia ekseli ya pampu. Sili ikianza kuchoka, maji hupita hapo na kutoka nje, ili yasiifikie beringi. Mtu akikiona kinavuja akakijaza gundi, maji hukosa njia, hugeukia beringi na kuosha grisi yake. Beringi hukwama. Katika injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taiming (unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni), pampu ikikwama mkanda huweza kukatika au kuruka meno, na katika injini nyingi za namna hiyo pistoni hugonga vali. Kitundu hicho kikitoa maji, badilisha pampu, na kama inazungushwa na mkanda wa taiming, badilisha na mkanda pia, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Wa pili ni gasketi ya silinda hedi. Hapa mlingano wa nguvu unabadilika kabisa. Mpira wa rejeta unabeba bar moja na kidogo; ndani ya silinda mafuta yanapowaka presha hufika makumi ya bar, na moto wake unapita nyuzi elfu. Gesi hiyo ikipenya kwenye njia ya maji, mpira wa juu huwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, mapovu hupanda kwenye rejeta bila kukoma, na tangi la akiba hufurika kisha kubaki tupu. Maji yakipita upande wa pili, ekzosi hutoa moshi mweupe wenye harufu tamu hata injini ikiwa imeshapata moto, au oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi huthibitisha kwa kipimo cha kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya ekzosi, kikiwekwa kwenye mdomo wa rejeta. Dawa inaweza kutuliza dalili kwa wiki kadhaa. Wakati huo hedi inaendelea kupinda, na gari ambalo lingepona kwa gasketi mpya na kuskimiwa (kusawazishwa uso) hedi linafika gereji likihitaji hedi nyingine.

Ukarabati wa kweli

Wengi hudhani ukarabati wa kudumu ni kubadilisha kilichovuja. Hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili ni kuuliza kwa nini kilivuja. Mpira wa miaka kumi ulipasuka kwa uzee, sawa, lakini mipira mingine ina umri huo huo. Mpira mpya uliopasuka unasimulia jambo jingine: pengine vali ya kifuniko imekwama na presha inapita kiwango, pengine oili imekuwa ikiulainisha kwa kudondokea, pengine gesi ya gasketi inaujaza. Kifuniko ni kifaa kidogo kinachosahaulika mno. Springi yake ikilegea, maji hutoka kwenye tangi la akiba na gari huchemsha bila tundu lolote. Na wengi wamekwisha kubadilisha rejeta nzima kwa ajili ya hilo.

Kipimo chake ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi. Fundi husukuma hewa hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, halafu anatazama geji. Mshale ukitulia dakika kumi au zaidi, hakuna mvujo wa nje kwa presha hiyo. Ukishuka, unasikiliza na kupapasa mpaka upate. Kifuniko chenyewe hupimwa kwa pampu hiyo hiyo. Kwa mvujo mkaidi, rangi maalumu huchanganywa kwenye kulanti na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno. Dai kipimo hiki mara mbili, kabla ya kazi na baada yake. Fundi akibadilisha kifaa bila kupima, amebahatisha, hata kama amepatia.

Kisha mfumo huoshwa na kujazwa kulanti aina inayotajwa na kitabu cha gari. Rangi isikuongoze, kwa sababu watengenezaji hawafuati utaratibu mmoja wa rangi, na aina mbili zisizopatana zikichanganywa huweza kupunguziana kinga au kuganda kama uji. Ukinunua iliyokolea, izimue kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini. Hatua ya mwisho ni kutoa hewa: hita ikiwa wazi, skrubu za kutolea hewa zikilegezwa pale zilipo, injini ikiachwa hadi themostati ifunguke na feni iwake. Kifuko cha hewa kilichobaki kwenye hedi huchemsha injini ambayo kila kifaa chake ni kipya, na lawama humwangukia aliyebadilisha vifaa.

Weka alama kwa kalamu kwenye tangi la akiba injini ikiwa baridi, na uitazame kila asubuhi kwa wiki mbili. Kushuka kidogo siku za kwanza ni hewa inayomalizika kutoka. Kiwango cha maji kikiendelea kushuka, rudi kwenye pampu ya kupimia kabla hujaongeza chochote. Na kulanti kuukuu iliyotolewa usiimwage mtaroni wala usiiache kwenye beseni wazi. Ina utamu unaovutia watoto, mbwa na paka, na glaikoli iliyomo huua figo hata kwa kiasi kidogo. Itie kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, uandike kilichomo, ndipo uipeleke panapopokelewa taka za oili na kemikali.